Aiskrimu Mchana wa Ramadhani

Kitu cha mwisho ambacho mke wangu aliniomba ni aiskrimu. Aliiomba asubuhi moja ya mwezi wa Ramadhani, akiwa kwenye kitanda tulichokihamishia sebuleni ili apate hewa. Mimi nilikuwa mzima wa miguu, bajaji zilikuwa zinapita mlangoni, na duka lilikuwa wazi. Hakuila. Watu wameniuliza habari za ugonjwa wake na habari za maziko yake, nami nimewaeleza. Hili la aiskrimu sijamweleza mtu yeyote isipokuwa binti yangu, na yeye nilimweleza akiwa ameshajua.

Duka lenyewe liko Kigoma mjini, jirani na barabara inayoteremka kwenda stesheni. Lina milango ya mbao ya kukunjwa iliyopakwa rangi ya kijani mara nyingi hadi bawaba zimezama kwenye rangi. Ndani kuna meza za duara za marumaru, viti vya chuma vya kupindapinda, na feni ya darini inayozunguka kama mtu aliyelazimishwa kazi. Siku hizi mjini kuna aiskrimu za kila aina, za vikombe vya plastiki na za mashine zinazojikoroga zenyewe, lakini pale bado unaletewa bilauri ya kioo yenye mguu, na kijiko chembamba kirefu, na glasi ya maji pembeni bila kuomba.

Mwenye duka wa enzi zetu alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa, na Kiha chake kilikuwa safi kuliko changu mimi mtoto wa Ujiji. Kina mama waliotoka Kasulu kuja kupanda treni aliwasalimu "Mwakeye!" kutoka nyuma ya kaunta. Wao walisimama, wakatazamana, wakacheka, halafu wakaingia. Aiskrimu aliitengeneza mwenyewe. Ya embe ilikuja na msimu wake, ila ya maziwa na iliki ilikuwepo mwaka mzima, na hiyo ndiyo tuliyokuwa tukila sisi.

Nilipooa nilikuwa karani wa mizigo bandarini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina kalamu mfukoni mwa shati, na nilijiona mtu. Mke wangu alikuwa mtu wa kijiji cha Kidahwe. Alikuja Mwanga, hapa hapa mjini, kwa shangazi yake kujifunza kushona, akabaki na cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa karibu na soko, na mimi nilikuwa na suruali nyingi ajabu zilizokuwa zikihitaji kufupishwa. Tulipooana tukahamia kwa mama yangu Ujiji.

Nyumba ya mama ilikuwa na sheria moja kubwa, nayo ni chakula cha mchana. Popote ulipo, unarudi kula. Ugali wa muhogo, samaki wa migebuka walioungwa kwa mawese, pilipili pembeni. Mama hakuwa mkali kwa jambo lingine lolote, lakini mtu akikataa chakula chake ilikuwa ni sawa na kumwambia mbele ya majirani kwamba hajui kupika. Ndiyo maana nasema kosa letu halikuwa dogo kwake, ingawa sisi tulilicheka.

Siku ya kwanza haikupangwa. Mke wangu aliniletea bandarini shati alilokuwa ameweka kola mpya. Ilikuwa saa ya kwenda kula, jua limesimama juu ya ziwa, na tukapanda mlima pamoja kutafuta usafiri wa Ujiji. Tulipofika mbele ya lile duka akauliza kwa nini watu wazima wamekaa mezani na vijiko virefu kama wanakunywa dawa. Nikamwambia ni aiskrimu. Hakuwahi kuila. Nikamwingiza ndani.

Alichota kijiko cha kwanza, akakitia kinywani, mara akashika shavu.

"Inauma!"

"Usiitafune. Iache iyeyuke."

Akatulia, macho yametoka. Kisha akanitazama kama niliyemwibia.

"Sasa imekwenda wapi?"

"Umeimeza."

"Sijameza kitu mimi. Imeondoka yenyewe."

Mzee wa Kihindi alicheka mpaka akashika kaunta. Akasema, "Bwana karani, huyu usimlete siku moja tu. Mlete mpaka aikamate."

Nami nikamleta. Haikuwa kila siku, lakini ilikuwa mara nyingi kuliko kipato cha karani kilivyoruhusu. Tulikuwa tunakwepa ugali wa mama kama wanafunzi wanaokwepa kipindi cha hesabu. Yeye alifunga cherehani mapema, mimi nikapanda kutoka bandarini, tukakutana pale mlangoni, na chakula chetu cha mchana kikawa ni bilauri mbili za aiskrimu, na siku nyingine bilauri mbili nyingine juu yake. Mimi nilikuwa nakula haraka. Yeye alikuwa anangoja iyeyuke nusu, anaikoroga, anainywa kidogo kidogo, anaongea. Yangu ikiisha nilinyoosha kijiko upande wake.

"Yako iko wapi?"

"Imeondoka yenyewe."

"Basi ifuate huko huko ilikokwenda, karani. Hapa usiniguse."

Na baada ya kusema hivyo alisogeza bilauri katikati ya meza.

Jioni tukifika nyumbani, mama alikuwa ametukalia na sahani zilizofunikwa.

"Mchana hamkurudi."

"Kazi zilikuwa nyingi, mama. Tulikula huko huko."

"Mlikula nini?"

Hapo kila mmoja alitaja chakula chake. Mimi nilisema wali, mke wangu akasema ndizi, kwa wakati mmoja. Mama alitazama mmoja, akatazama mwingine, akafunua sahani.

"Basi kaeni mle tena. Tumbo lililokula wali na ndizi kwa pamoja litakuwa bado lina nafasi."

Aliyetoboa siri yetu ni mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi aliyekuwa akipita na beseni lake mjini. Mama alinisubiri barazani, akaniuliza kwa sauti ambayo nyumba ya tatu walisikia: "Mwanamume una ndevu, una kazi ya ofisi, unakaa dirishani unalamba kijiko? Na huyu mtoto wa watu umemtoa kwao kwenye ndizi na maharage uje umlishe barafu? Akikonda watasema ni mimi nimemnyima!" Mke wangu alikuwa ameinama nyuma yangu, na kwa jinsi mgongo wangu ulivyotikisika nilijua anacheka.

Sijapata kuwa na furaha kama ya miaka ile. Naandika hivyo bila kupamba.

Halafu nikawa mtu mzima. Mama alifariki, watoto wakaja, nikapandishwa cheo bandarini, tukajenga nyumba yetu wenyewe Ujiji hatua chache kutoka msikitini. Watu wakaanza kuniita kusuluhisha ugomvi. Wakaniingiza kwenye kamati ya msikiti. Hakuna aliyeniambia kwamba mjumbe wa kamati haruhusiwi kukaa kwenye duka la aiskrimu na mke wake. Nilijiambia mwenyewe. Nilianza kuyaona yale madirisha makubwa ya duka kama macho.

Mke wangu aliendelea kuuliza kwa muda. Asubuhi nikivaa viatu alisimama mlangoni na kusema, kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, "Karani, leo tusile nyumbani." Nikajibu kuna kikao. Kuna meli inapakua. Watoto watakula nini? Siku moja nilisema, "Hivi wewe hukui?" Ilikuwa sentensi fupi na niliisema nikitafuta funguo, hata sikumtazama. Hakuuliza tena mwaka ule, wala mwaka uliofuata.

Ila mara moja alikwenda bila mimi. Alimchukua binti yetu, akiwa bado anasoma shule ya msingi, wakala pale mchana mzima. Mtu mmoja akaniambia msikitini kwa utani tu: "Leo nimeiona familia yako inastarehe mjini." Nilirudi nyumbani nikafoka. Nilisema maneno ya heshima, na nyumba, na watu watanionaje. Binti yangu alikuwa amesimama ameshika mkono wa mama yake, na kwenye kola ya sare yake kulikuwa na tone lililokauka. Mke wangu alinijibu kwa utulivu, "Basi, baba. Tumesikia." Kabla ya hapo alikuwa akiniita karani. Kuanzia siku ile akaniita baba, kama watoto.

Miaka ikaenda. Nilistaafu. Mzee wa Kihindi alifariki, duka likashikwa na mwanawe. Watoto wengine wakahamia mbali, binti yangu akawa mwalimu Kasulu. Mke wangu akaanza kusema kwamba ugali unamkwama.

Tulidhani ni mwiba wa samaki. Akabwia matonge makavu kuusukuma, kama tunavyofanya watu wa ziwani, na hayo nayo yakawa yanamkwama. Tulipofika hospitali ilikuwa saratani ya koo la chakula, na ilikuwa imeshatangulia mbali. Walitusaidia walivyoweza. Mwishowe daktari, kijana mpole sana, aliniita pembeni akasema, "Mzee, mrudishe nyumbani. Umpe chochote atakachotamani." Binti akaomba ruhusa shuleni, akaja kumuuguza.

Atamani nini? Hakutamani kitu. Ndugu zake walikuja kutoka Kidahwe na mikungu ya ndizi. Majirani walileta uji, supu ya samaki wa kuhe, maziwa. Alionja kwa adabu akarudisha. Ramadhani ikaingia hali ikiwa hivyo. Nyumba yetu ikawa na wafungaji wawili, mimi na binti, na mmoja aliyekuwa akifunga bila kutaka.

Wiki ya pili hivi ya mfungo nilisimama msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kwa niaba ya kamati, nikazungumza habari za watu wanaokula hadharani mchana. Nilizungumza vizuri. Nilisema kuna vijana wanapita mitaani wanatafuna bila haya, na kuna watu wazima wanajificha nyuma ya mapazia ya migahawa ya Mwanga wakidhani miguu yao haionekani. Watu walicheka. Katibu wetu, mtu mrefu mwenye sauti nzito, alinishika mkono akasema, "Leo umewapasha, mzee mwenzangu." Nikarudi nyumbani nimeridhika.

Siku chache baadaye, asubuhi, mke wangu aliamka uso umekunjuka. Binti alikuwa anamfuta kwa kitambaa cha maji. Akaniita kwa kidole. Sauti yake ilikuwa imebaki kama ya mtu anayeongea nyuma ya mlango.

"Nina njaa."

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa hajasema neno hilo tangu tulipotoka hospitali.

"Njaa ya nini? Sema, nitaleta."

Akanitazama kidogo, kama anayepima kama anaweza kulitoa au la.

"Karani," akasema, "leo tusile nyumbani."

Binti hakuelewa. Mimi nilielewa. Nililia mbele ya mwanangu bila kuficha. Nikaoga, nikavaa kanzu na kofia, nikamwambia binti aoshe ile chupa kubwa ya chai na kuisuuza kwa maji ya baridi, kwa sababu ndani yake aiskrimu ingevumilia mpaka Ujiji. Mke wangu alikuwa akitazama maandalizi hayo yote kwa macho tu, na macho yalikuwa yakicheka.

Nilishuka kwenye bajaji mbele ya duka kabla ya adhuhuri. Milango ya kijani ilikuwa imekunjwa, duka liko wazi. Ndani nilimwona mtoto wa yule mzee wa Kihindi, naye sasa ana mvi, akifuta kaunta. Kulikuwa na abiria wawili na mizigo yao wakila. Niliweka mguu mmoja kwenye ngazi.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa amesimama katibu wa msikiti wetu pamoja na wanaume wengine wawili wa jamaa zetu. Walikuwa wananunua saruji ya kuziba nyufa za birika la kutawadhia. Mimi mwenyewe ndiye niliyeipitisha kwenye kikao. Mmoja wao akainua mkono kunisalimu.

Naomba msomaji anielewe, ingawa sistahili. Mgonjwa amesamehewa kufunga, na anayembebea mgonjwa chakula hana kosa lolote. Hilo najua tangu chuo cha Kurani nikiwa mtoto. Nilichotakiwa kufanya ni kuvuka barabara na kusema, "Namchukulia mgonjwa." Wangeniombea dua, na katibu angenishikia chupa. Lakini nilipoinua macho nikajiona wanavyoniona: mzee wa kamati, kanzu nyeupe, mchana wa Ramadhani, chupa mkononi, mguu mmoja kwenye ngazi ya duka la aiskrimu. Nikasikia kile kicheko cha Ijumaa. Hata kama wangeamini, jioni barazani mmoja angefanya utani. Utani tu. Nikaushusha mguu.

Nikavuka, nikawasalimu. Katibu akauliza, "Vipi mgonjwa?" Nikasema anaendelea, Mungu ni mwema. Akauliza chupa ni ya nini. Nikasema ni ya kupeleka kwa fundi, kifuniko kinavuja. Nikaswali nao adhuhuri pale mjini, kisha nikapanda bajaji kurudi Ujiji na chupa tupu mapajani.

Njiani nilitunga la kusema. Niliingia sebuleni nikakuta binti amemkalisha kwa mito, amemsuka nywele zilizobaki, amemvalisha kitenge kipya.

"Wamefunga," nikasema. "Kwa sababu ya mwezi. Watafungua baada ya futari."

Mke wangu alitazama chupa, akanitazama mimi.

"Wamefunga?"

"Wamefunga. Jioni nitakwenda mapema."

Akasema, "Basi tungoje." Wala hakununa. Alinyoosha mkono akanirekebisha kofia iliyokuwa imekaa upande.

Nikaingia chumbani, nikalala. Kweli nililala, nikauacha mchana ule upite. Nilipoamka alasiri alikuwa ameshushwa kwenye mito, na binti alisema amechoka kukaa. Adhana ya magharibi iliponadiwa nilimeza tende moja na maji, sikugusa futari, nikatoka mbio na ile chupa. Duka lilikuwa limejaa watu wa kila namna, kina mama, watoto, vijana, na baadhi ya wale wale niliowaogopa, wanakula na familia zao. Mwenye duka alinijazia ya maziwa na iliki hadi mdomoni mwa chupa, akakataa kulipwa aliposikia ni ya nani. Nilimwambia dereva akimbize, akakimbiza.

Nilipofika alikuwa macho, lakini alikuwa akitutazama kutoka mbali. Binti alichota kwa kijiko cha uji akamgusisha mdomoni. Ikaingia kidogo, ikakaa, ikatoka kwenye pembe ya mdomo ikateremka shingoni. Akajaribu tena. Koo halikusogea. Nilimwomba aimeze, nilimwita majina yote niliyowahi kumwita tangu enzi za cherehani, na binti akaniambia kwa upole, "Baba, mwache, itampalia." Tulimfuta. Alfajiri, tukiwa tumekaa pande mbili za kitanda, alituacha.

Maziko yalikuwa makubwa. Katibu ndiye aliyekuwa mbele ya jeneza tangu nyumbani hadi makaburini, na kila walipotaka kumpokea alikataa. Kila nilipomtazama bega lake limelemewa, nilitamani aweke chini anipige.

Siku ya tatu ya matanga mwenye duka alikuja kutoa pole. Alikaa mkekani na sisi, mnyenyekevu kama baba yake. Akasema, akidhani ananifariji, "Mzee, siku ile mchana nilikuona mlangoni. Nikasema moyoni, leo karani wa baba amekuja mwenyewe. Nikageuka kukuoshea bilauri. Kugeuka tena, hupo. Nilidhani umekumbuka ni mfungo." Akatabasamu kwa huzuni. Binti yangu alikuwa ameinama anamimina kahawa kwenye vikombe. Aliendelea kumimina. Hakumwaga hata tone.

Nilingoja aniulize siku ile. Hakuuliza. Nilingoja hadi watu walipotawanyika na ndugu wa Kidahwe wakaondoka na mikeka yao. Asubuhi moja, akiwa anasugua masufuria uani kwa majivu, nikavuta kigoda nikakaa karibu naye. Nikasema, "Duka lilikuwa wazi."

"Najua, baba."

"Huyo bwana alivyosema siku ile..."

"Sikujua kwa yeye." Aliweka sufuria chini. "Nilijua siku ile ile. Mama aliniambia."

Nilimtazama.

"Ulipokwenda kulala nilimwambia, kama wamefunga pale, nitatafuta kwingine, siku hizi aiskrimu ziko kila mahali. Akasema hapana. Akasema lile duka halifungi Ramadhani, halijafunga tangu anaolewa, kwa sababu ya wasafiri wa treni. Akasema, 'Baba yako ameona haya mahali.' Nikamwambia basi niende mimi sasa hivi, narudi kabla hajaamka. Nikavaa hadi viatu."

"Kwa nini hukwenda?"

Swali hilo nalijutia pia, lakini lilikuwa limeshanitoka.

"Alinishika mkono. Akasema, 'Ukiileta wewe, akiamka atajua kwamba tumejua. Mwache. Atakwenda mwenyewe jioni.' Nikavua viatu." Sauti yake ilianza kukatika. "Nilimtii, baba. Alikuwa na njaa, na mimi nilivua viatu nikakaa naye. Mpaka alasiri alikuwa bado anameza maji. Ningekwenda, angekula."

Nilimwambia yeye hakukosa. Nilimwambia alimtii mama yake kwa sababu ya uongo wangu, na kosa lote ni langu, kuanzia ngazini mpaka kitandani, na kabla ya hapo pia, miaka mingi kabla. Nilisema hayo yote kwa Kiswahili changu kizuri cha kamati. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Alipoinua uso niliona kwamba hanilaumu, na niliona pia kwamba haimsaidii kitu, kwa sababu vile viatu alivivua yeye.

Amerudi Kasulu kufundisha. Hunipigia simu jioni, huniuliza nimekula nini. Kila tukizungumza huwa kuna mahali tunafika, na tukifika hapo sote wawili tunanyamaza, simu ikiwa bado sikioni. Asubuhi ile uani tulifika hapo hapo. Kisha akainuka, akachukua ndoo, akaenda bombani nyuma ya nyumba. Nikasikia maji yakiingia, ndoo ikijaa, halafu maji yakiendelea kumwagika chini, yakimwagika, bila mtu wa kufunga bomba. Nilijua anachofanya huko. Nikakaa kwenye kigoda, nikavuta masufuria, nikaanza kuyasugua yaliyobaki.